Hema na Madhabahu: Familia Inapokwenda Ngorongoro

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 12:1–9, Mwanzo 13, 1 Wafalme 19:9–13, Zaburi 104:10–24, Luka 2:41–52, Kutoka 16:22–30, Kutoka 20:8–11.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 12:8. (Kila mmoja alisome katika Biblia yake mwenyewe, kisha darasa lilikariri kwa pamoja.)

Anayesimama njia panda ya Usagara huona magari ya kila aina. Yapo malori ya Geita na Kagera, mabasi ya Shinyanga, na mara mojamoja gari kubwa la wageni lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Ni nyumba kamili iliyowekewa magurudumu. Baba, mama na watoto hulala humo, hupika humo, na hutembea nchi baada ya nchi wakitazama kazi za uumbaji.

Kwetu magari ya namna hiyo ni machache. Hata hivyo zipo familia zinazochanga fedha kwa mwaka mzima, zikakodi gari, zikafunga mahema na sufuria juu ya paa, na wakati wa likizo ya shule zikaelekea Serengeti na Ngorongoro. Ni jambo jema. Watoto waliozaliwa kando ya Ziwa wanastahili kuona kwa macho yao kile ambacho watu wa mbali huvuka bahari kuja kukiona.

Biblia inazifahamu familia za safari. Abramu aliishi katika hema. Israeli ilitembea jangwani na nyumba zake mgongoni. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka. Katika habari zao zote tutauliza swali moja juma hili: familia inapofunga mizigo na kuondoka nyumbani, inabeba nini?

JUMAPILI
Vitu Viwili Alivyosimamisha Abramu

Soma Mwanzo 12:1–9. Abramu alifanya nini kila alipofika mahali papya? Ni kitu gani alikihamisha, na ni kitu gani alikijenga upya?

Abramu alikuwa na umri wa miaka 75 alipotoka Harani. Aliondoka na mkewe, mtoto wa ndugu yake, mifugo na watumishi. Hakuwa na anwani. Kati ya Betheli na Ai alisimamisha vitu viwili: hema na madhabahu. Hema lilikuwa kwa ajili ya familia yake, na madhabahu kwa ajili ya Mungu wake. Alipoondoka alikunja hema akalichukua. Madhabahu ya mawe ilibaki pale, na kule alikofika alijenga nyingine.

Hapa pana fundisho kwa kila nyumba. Madhabahu ya jana haikutosha kwa kambi ya leo. Abramu hakusema, “Tulikwisha kuabudu Shekemu, sasa tuko safarini.” Safari haikuwa likizo ya kumwacha Mungu nyumbani.

Familia zetu nyingi hufanya kinyume. Tukiwa nyumbani, kengele ya ibada hulia asubuhi na jioni. Siku ya safari tunaamka saa kumi alfajiri, watoto wana usingizi, dereva anapiga honi nje, na ibada inakuwa kitu cha kwanza kuachwa. Tunakumbuka jiko la gesi, ndoo, mablanketi na chaja za simu. Biblia iko chini kabisa ya begi, nayo itatolewa siku ya kurudi.

Tena ibada ya safarini haihitaji kuwa ndefu. Zaburi moja, wimbo mmoja, ombi la mtoto mdogo kabla injini haijawashwa. Kumbukumbu la Torati 6:6, 7 inataja nyakati nne ambazo mzazi hupaswa kusema na watoto wake juu ya maneno ya Mungu, na mojawapo ni wakati wa kutembea njiani. Bwana alijua kwamba njiani ndipo watoto huuliza maswali yao mazuri zaidi.

Tafakari: Ukikumbuka safari ya mwisho ya familia yako, hata kama ilikuwa ya kwenda msibani au kijijini kwa bibi, madhabahu ilisimamishwa wapi?

JUMATATU
Macho ya Lutu

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu aliona nini alipoinua macho yake? Ni nini ambacho hakukiona?

Lutu alisimama mahali pa juu akatazama bonde la Yordani. Lilikuwa na maji kila upande. Mwandishi wa Mwanzo analilinganisha na bustani ya Bwana, wala hasemi kwamba Lutu alidanganywa na macho yake. Bonde lilikuwa zuri kwelikweli.

Shida haikuwa katika mandhari. Lutu aliutazama uzuri akawaza faida. Hakuuliza ni nani aliyelifanya bonde lile liwe hivyo, wala watoto wake wangelelewa na majirani wa namna gani. Alisogeza hema lake kidogo kidogo mpaka Sodoma. Mwanzo 19 inaonyesha mwisho wake: wakwe waliomdhani anafanya mzaha, mke aliyegeuka nguzo ya chumvi, na binti wawili ndani ya pango.

Tafuta katika sura hizi zote mahali ambapo Lutu alijenga madhabahu. Hutapata. Alikuwa na hema kama Abramu, na mifugo mingi kama Abramu. Lakini Maandiko hayataji madhabahu yake.

Sasa soma Mwanzo 13:14–18. Abramu naye aliinua macho, akatazama nchi ileile kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Tofauti ni kwamba aliinua macho yake Bwana alipomwambia ainue. Aliipokea nchi kama zawadi. Na jambo la kwanza alilolifanya alipofika Hebroni lilikuwa kujenga madhabahu.

Watu wawili wa familia moja wanaweza kusimama ukingoni pamoja, mmoja akaona picha ya kutuma kwa marafiki na mwingine akamwona Muumba. Warumi 1:20, 21 inaeleza kwamba viumbe vinamtangaza Mungu kwa wote, lakini si wote wanaomtukuza wala kumshukuru. Kutazama tu hakumfanyi mtu mwabudu. Ndiyo maana mzazi Mkristo hawezi kuuachia mlima kazi ya kumfundisha mwanawe. Lazima yeye mwenyewe afungue kinywa aseme, “Mwanangu, hii ni kazi ya Baba yetu.”

Tafakari: Je, unapotazama kitu kizuri, wazo lako la kwanza ni lipi? Watoto wako wangejibuje swali hili juu yako?

JUMANNE
Mlima Uliobomoka

Soma Zaburi 104:10–24. Andika viumbe vinavyotajwa. Ni nani anayewalisha, hata simba?

Msafiri anayetoka Usagara hupita Kisesa, Magu na Lamadi mpaka lango la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Serengeti inakaribia kabisa Ziwa Victoria. Hifadhi hii ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763. Ndani yake mwendo wa gari hauruhusiwi kuzidi kilometa 50 kwa saa. Njia hufuata upande wa Mto Grumeti, ikafika Seronera katikati ya hifadhi, kisha lango la Naabi na tambarare za nyasi fupi. Baada ya hapo gari huanza kupanda. Hewa inabadilika. Watoto waliozoea joto la Mwanza hutafuta sweta, kwa maana ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200 na asubuhi mara nyingi hufunikwa na ukungu.

Ukungu ukiinuka, kreta inaonekana yote. Ukuta wake unashuka kama mita 600. Upana wake unakaribia kilometa 19 hadi 20, na sakafu yake ina eneo la kilometa za mraba 260 hivi. Chini kuna Ziwa Magadi lenye maji ya chumvi, msitu wa Lerai wenye migunga ya manjano, na chemchemi ya Ngoitokitok ambamo viboko hulala mchana kutwa. Kuna nyati, nyumbu, pundamilia, simba, tembo na faru weusi. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mahali hapa pamekuwaje hivi? Palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Ulilipuka, tumbo lake likabaki tupu, na kilele kikaporomoka kikaanguka ndani. Tunachokitazama leo kama bustani ni mlima uliobomoka. Majivu ya volkano za nyanda hizi yaliyopeperushwa na upepo ndiyo yaliyoirutubisha ile tambarare ya nyasi fupi, ambako nyumbu huzaa ndama wao miezi ya mwanzo wa mwaka.

Zipo familia miongoni mwetu zinazojua maana ya kuporomoka. Ndoa imeanguka. Baba amepoteza kazi, au mwana ameacha kanisa. Zikisikia somo juu ya familia yenye furaha safarini, huona haliwahusu. Kreta inasema nao. Muumba hakuliacha shimo lile kuwa shimo. Alilijaza maji, majani na uhai, hata watu wakaja kutoka pande zote za dunia kutazama. Mungu wa namna hiyo hashindwi na nyumba iliyobomoka.

Sasa soma 1 Wafalme 19:9–13. Eliya alikuja mlimani akiwa amevunjika moyo. Alisema Mungu naye kwa njia gani?

Upepo ulipasua miamba. Nchi ilitetemeka. Moto ukawaka. Vyote vitatu vilikuwa vya kutisha na kushangaza, lakini Bwana alisema na mtumishi wake kwa sauti ya upole. Eliya aliisikia kwa sababu alinyamaza. Tunapofika ukingoni tunapaswa kuwapa watoto wetu dakika chache za kunyamaza, simu zikiwa mfukoni.

Tafakari: Ni sehemu gani ya maisha yako inafanana na mlima uliobomoka? Umeona dalili gani kwamba Mungu anaotesha kitu hapo?

JUMATANO
Mtoto Aliyedhaniwa Yumo

Soma Luka 2:41–52. Yusufu na Mariamu walitembea muda gani kabla ya kugundua kwamba Yesu hayumo? Ni kwa sababu gani hawakujua?

Hawa hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa watu wa ibada, na safari yao ilikuwa ya kwenda sikukuuni. Lakini walidhani. Walidhani kijana yumo katika msafara pamoja na ndugu na jirani. Mwendo wa siku nzima ukapita katika kudhani.

Katika gari la familia hatuwezi kumwacha mtoto Seronera bila kujua. Viti vimehesabiwa. Hata hivyo mtoto anaweza kuwa kiti cha nyuma na akawa amepotea.

Fikiria familia moja. Mfano huu si wa mtu fulani, ni wa nyumba nyingi. Baba ni dereva wa malori. Huja nyumbani Usagara siku chache kwa mwezi, hulipa ada za shule, hununua mahitaji, huondoka. Mwanawe wa kwanza ana miaka kumi na sita. Miezi sita sasa haendi Shule ya Sabato, na mama amenyamaza ili kulinda amani. Baba amekodi gari ili kuwafurahisha wote. Wanapita Magu, kijana ana vifaa vya kusikilizia masikioni. Wanapita Ndabaka, baba anaonyesha twiga, kijana anainua kichwa mara moja na kukiinamisha tena. Usiku kambini baba anamwuliza, “Mbona huendi kanisani?” Kijana anasema, “Hamna kitu, baba.” Anaingia hemani.

Kesho yake gari linapata pancha. Baba na mwana wanapiga jeki pamoja, mikono yote minne imejaa vumbi. Baba hana swali safari hii. Anasema tu, “Najua sipo nyumbani sana, mwanangu. Ningependa kukujua.” Kijana anakaza nati mbili kimya. Ndipo anaanza kusema, na maneno yake mengine hayapendezi kusikia. Baba hamkatizi.

Angalia walichofanya Yusufu na Mariamu. Walipogundua, hawakuendelea na safari kwa matumaini kwamba mambo yatakaa sawa. Waligeuka. Walirudia njia yote ile, na walimwona siku ya tatu. Kurudi kuna gharama yake. Humpasa mzazi kuacha ratiba, na pengine kusikia lawama. Mariamu naye hakuyaelewa yote aliyojibiwa na mwanawe, lakini aliyaweka moyoni.

Ikiwa safari ya Ngorongoro itampa baba mmoja nafasi ya kugeuka na kumtafuta mwanawe, hata wasipomwona faru hata mmoja, fedha haikupotea.

Tafakari: Ni nani katika nyumba yako unayedhani tu kwamba yumo? Ungeanzaje kurudi kumtafuta?

ALHAMISI
Sabato Kambini

Soma Kutoka 16:22–30. Israeli walikuwa wapi walipopewa maagizo haya? Siku ya sita walifanya nini ili siku ya saba wapumzike?

Kabla hawajafika Sinai, wakiwa katika mahema na bila mji wa kukaa, watu wa Mungu walifundishwa kutunza Sabato. Kwa hiyo hatuwezi kusema Sabato ni ya watu walio nyumbani tu. Siri yao ilikuwa maandalizi. Siku ya sita waliokota sehemu mbili, wakapika na kuoka.

Msafiri wa leo anahitaji hekima ileile. Mafuta ya gari yajazwe mapema. Ada za hifadhi zilipwe kabla. Chakula cha Sabato kipikwe Ijumaa, na mahema yasimamishwe jua likiwa bado juu. Kambi ziko ukingoni, kwa maana hairuhusiwi kulala chini ndani ya kreta, na barabara za kushuka ni kali hata gari lazima liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Magari hutakiwa kuwa yametoka kretani saa kumi na mbili jioni. Familia inayoshuka Ijumaa alasiri itaikaribisha Sabato ikiwa katika mbio. Ni afadhali kushuka Alhamisi au kungoja Jumapili.

Hapa wengi hujaribiwa. Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa, na kimelipiwa. Kukaa kambini siku nzima huonekana kama kutupa fedha. Lakini soma Kutoka 20:10. Amri inamtaja pia mtumishi. Dereva tuliyemkodi, hata kama si wa imani yetu, anahesabiwa humo. Tukimwamuru azunguke kutwa nzima ili sisi tufurahie uumbaji, pumziko letu tumelinunua kwa uchovu wake.

Tena tunasahau kwamba Sabato ndiyo ukumbusho wenyewe wa uumbaji (Kutoka 20:11). Familia iliyoketi chini ya mti pale ukingoni, ikisoma Mwanzo 1 huku ndege wakilia na bonde limetandazwa mbele yao, imefika mahali ambapo gari haliwezi kuwafikisha.

Tafakari: Je, ni rahisi kwako kuamini kwamba siku iliyotumiwa kwa kutulia mbele za Mungu haikupotea? Kwa nini?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Mwanzo 13 yote kwa mara moja, ukilinganisha Lutu na Abramu. Kisha soma Ayubu 38 na 39, ambamo Mungu anamjibu mtu mwenye maumivu kwa kumwonyesha viumbe.

Wengi wetu hatutafika Ngorongoro mwaka huu. Raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni, lakini kukodi gari ni gharama kubwa kwa nyumba inayotegemea samaki, pamba au bodaboda. Somo hili halimwachi mtu huyo nyuma. Abramu alijenga kwa mawe aliyoyakuta, na Mwanza haijawahi kukosa mawe. Upo mwamba wa Bismarck majini karibu na Capri Point. Kipo kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ambacho hufikiwa kwa safari fupi ya boti kutoka mjini. Ipo milima ya mawe nyuma ya Usagara ambayo watoto huipanda bila kulipa chochote. Hema hukodiwa, na gari hukodiwa. Madhabahu haikodiwi. Kila familia hujenga yake.

Maswali ya Kujadili

1. Lutu alikuwa akiishi karibu na Abramu, na bila shaka aliziona madhabahu zake. Kwa nini mtoto anaweza kukulia karibu na ibada asiichukue anapoondoka? Wazazi na kanisa wafanye nini?

2. Familia moja darasani inasema itatembelea hifadhi siku ya Sabato kwa kuwa ni kuutazama uumbaji. Nyingine inasema ni makosa kwa sababu ya malipo na dereva. Darasa lizungumze kwa upole, Biblia zikiwa wazi. Ni kanuni gani ambazo wote mnakubaliana?

3. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini. Soma Mwanzo 2:15. Je, tunatunza mazingira kwa kuogopa faini, au kwa sababu tulikabidhiwa bustani? Fukwe za Ziwa zilizo karibu na makanisa yetu zinatoa ushuhuda gani?

4. Katika mtaa wenu wapo wazazi wanaofanya kazi mbali: madereva, wavuvi, wachimbaji wa Geita, askari. Darasa lenu linaweza kuwasaidiaje kuwa na madhabahu moja na watoto wao hata wakiwa mbali?

5. Kila mmoja ataje mahali pamoja pazuri panapofikika kwa miguu kutoka kanisani. Pangeni alasiri moja ya Sabato mwende huko pamoja na watoto. Nani ataongoza ibada? Mngependa mtoto yupi aombe?